Picha ya Milima ya Uluguru Ihukumiwe kwa Kipimo Gani?

Mji wa Morogoro umeketi chini ya milima ya Uluguru, upande wa kaskazini-magharibi. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Lupanga na Bondwa, vilivyo juu ya mji, vimepita mita 2,100, na kusini zaidi kilele cha Kimhandu kimepita mita 2,600. Si ajabu, basi, kwamba wapiga picha wengi wameielekeza kamera yao huko. La ajabu ni kwamba picha nyingi zinazopatikana hazifanani na mlima. Jicho limeona makunjo, mabonde, misitu na mashamba; karatasi imeonyesha ukuta mmoja wa kijivu chini ya anga nyeupe tupu.

Picha hizo zinapotundikwa katika maonyesho ya shule au mbele ya wapenzi wa upigaji picha, hukumu zitolewazo huwa za namna mbili. Wapo wasemao "nzuri", na wapo wasemao "ongeza weusi". Hukumu ya kwanza haimsaidii mpiga picha hata kidogo. Ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu inasaidia: picha iliyoongezwa weusi hupendeza papo hapo, na baada ya hapo hakuna aulizaye tena ni kitu gani kimepotea ndani ya weusi huo. Hoja ya makala haya ni kwamba picha ya mandhari ya weusi na weupe, hasa ile iliyopigwa kwa filamu kubwa, yafaa ihukumiwe kama mwalimu anavyohukumu ripoti ya jaribio la maabara. Kosa litajwe kwa jina, chanzo chake kielezwe, na njia ya kulirekebisha ionyeshwe ili mtu mwingine aweze kuijaribu. Uzuri una nafasi yake, lakini nafasi hiyo si ya kwanza.

Yafaa ieleweke kwanza ni kamera gani inayozungumzwa. Ni ile ya kizamani yenye mivukuto, inayosimamishwa juu ya miguu mitatu, ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kuitazama sura ya mlima ikiwa kichwa chini juu ya kioo chenye ukungu. Filamu yake huwa karatasi moja moja ya inchi 4 kwa 5 au zaidi. Eneo la karatasi hiyo moja ni kiasi cha mara 13 ya eneo la picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na kwa hiyo vitu vidogo vilivyo mbali, kama nyumba moja au mti mmoja mtelemkoni, huandikwa kwa uwazi mkubwa. Zaidi ya hayo, lenzi ya kamera hiyo inaweza kuinamishwa mbele. Kwa kanuni inayokumbusha jina la Mwaustria Theodor Scheimpflug, ubapa wa vitu vilivyo wazi huinama pamoja nayo, na mahindi yaliyo hatua chache mbele ya kamera yakaonekana wazi sawa na ukingo wa msitu ulio kilomita kadhaa mbele. Leo kamera hizi ni chache, lakini filamu zake bado zinatengenezwa, na picha zilizopigwa kwazo zamani bado zimehifadhiwa. Hizo za zamani ndizo zinazoleta swali zito.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauko Uluguru bali Kilimanjaro. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute aliupima mlima huo kwa kutumia picha zilizopigwa ardhini, na kutokana nazo ikachorwa ramani. Kwa vipimo vya wakati huo eneo la barafu lilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilipimwa tena, safari hii kwa picha za kutoka angani, ikabaki chini ya kilomita za mraba 2. Watafiti waliweza kulinganisha kwa sababu picha za mwanzo zilipigwa kwa uangalifu wa kipimo, si kwa kutafuta sifa. Kama Klute angeyazamisha mabonde katika weusi ili theluji ipendeze, hasara yake ingetambulikana karne nzima baadaye.

Uluguru haina barafu, lakini ina jambo linalowagusa watu wengi zaidi. Maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, yanatoka kwa sehemu kubwa katika milima hii. Bwawa la Mindu, linalouhudumia mji wa Morogoro, linapata maji yake huko huko. Msitu wa juu ulianza kutengwa kuwa hifadhi tangu utawala wa Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ukingo wa msitu uko wapi leo, na ulikuwa wapi miaka mia iliyopita? Picha za kutoka angani na satelaiti hujibu sehemu ya swali hilo, lakini hazirudi nyuma kiasi cha kutosha. Kwa miaka ya kabla ya hapo kuna sahani za kioo. Mpiga picha Walther Dobbertin, kwa mfano, alifanya kazi katika koloni hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Tangu hapo mzigo mzito wa kamera na sahani uliweza kufika chini ya mlima bila kubebwa vichwani kutoka pwani.

Basi mwanafunzi na achukue picha moja ya zamani ya mtelemko, na nyingine mpya ya mtelemko ule ule, azilaze mezani. Katika ya zamani anaona mtelemko mweusi. Katika mpya, iliyopigwa kwa chujio jekundu kama vitabu vingi vinavyoshauri, anaona mabaka meupe yaliyotawanyika. Atasema nini? Bila shaka atasema kwamba msitu ulikuwapo, sasa umefyekwa, na udongo uko wazi. Huenda ni kweli. Lakini pia huenda hakuna kilichobadilika hata kidogo isipokuwa kemia ya filamu.

Sababu yake ni hii. Sahani nyingi za siku zile ziliona vyema mwanga wa buluu, na zile zilizoboreshwa ziliona kijani pia, lakini nyekundu hazikuiona. Kwa sahani ya namna hiyo, udongo mwekundu wa Uluguru ni kitu kisichotoa mwanga. Hutokea mweusi kwenye karatasi, sawa na msitu, pengine kuushinda. Filamu za baadaye huona rangi zote. Ukizivika chujio jekundu, mambo hugeuka: udongo mwekundu hung'aa, na majani, ambayo huumeza mwanga mwekundu ili kuendesha usanisi wa chakula chake, huwa meusi. Shamba lililolimwa jana na halijapandwa linaweza kuwa jeusi katika picha ya mwaka 1910 na jeupe katika picha ya leo. Mtu asiyejua hili atatoa ripoti ya mmomonyoko kutokana na rangi ya kioo.

Hii ndiyo sababu neno "ongeza weusi" halitoshi kuwa hukumu. Mhakiki anayestahili jina hilo angeuliza: filamu gani, chujio gani? Kama udongo na majani vimetoka katika kijivu kimoja, na mara nyingi ndivyo itokeavyo bila chujio, kosa halikufanyika katika chumba cha giza wala haliwezi kurekebishwa humo. Ukiongeza weusi, vyote viwili huongezeka pamoja. Dawa iko mlimani: chujio jekundu au la rangi ya chungwa ikiwa mpiga picha anataka kuutenga udongo kwa kuung'arisha, au chujio la kijani ikiwa anataka majani yang'ae na udongo ujifiche. Machujio yote mawili ni ya haki mradi yaandikwe. Lisilo la haki ni kuyatumia kimya kimya.

Chujio jekundu lina sifa nyingine ambayo imezidishwa mno. Husemwa kwamba linapenya ukungu. Ukweli ni nusu. Ule utando wa buluu unaoifunika milima ya mbali siku ya jua hutokana na mwanga kutawanywa na molekuli za hewa na chembe ndogo sana. Kwa kanuni ya Rayleigh, mtawanyiko huo hupungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, na hupungua kwa nguvu ya nne. Buluu yenye urefu wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu yenye nanomita 650. Kwa utando huo, chujio jekundu ni dawa kweli. Lakini mawingu yanayotambaa Bondwa asubuhi ni matone ya maji, nayo ni makubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi lolote la mwanga unaoonekana. Hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Moshi mzito wa kuchoma mashamba nao hausikii chujio sana. Anayekwenda na chujio jekundu kupiga picha ya wingu ili aone nyuma yake anapoteza filamu, tena filamu kubwa ni ghali. Na hata pale lifaapo, lina gharama: hudai mwanga mara 8. Picha ambayo ingehitaji sehemu moja ya hamsini ya sekunde sasa inahitaji kama sehemu moja ya sita, na katika muda huo upepo hauyasubiri majani ya migomba. Migomba iliyofifia mbele ya mlima ulio wazi ni kosa ambalo wahakiki huliita "uzembe wa kulenga", kumbe ni gharama ya chujio.

Dawa iliyo bora kuliko chujio ni kalenda. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kusini ya mashariki, yaani upande wa milimani kwa mtu anayetazama kutoka mjini. Uso wa mlima unaoelekea mji huwa kivulini, na utando wote wa hewa humulikwa kwa nyuma, ukang'aa kama pazia. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini. Asubuhi huupiga mlima kwa ubavu kutoka kushoto, na kila mgongo hutupa kivuli chake katika bonde linalofuata. Masika yameisha, hewa imeoshwa, na moshi wa kutayarisha mashamba bado haujaanza kutanda. Picha moja ya asubuhi ya Juni, isiyo na chujio lolote, huweza kuishinda picha kumi za Desemba zilizosumbuliwa kwa kila ufundi. Ni jambo la kusikitisha kwamba wahakiki husema "mlima hauna umbo" bila hata mara moja kutazama tarehe.

Kuhusu chumba cha giza, maneno machache yatatosha. Wingu lililo juani na msitu ulio kivulini huweza kutofautiana kwa mwanga mara elfu na zaidi. Karatasi ya picha haiwezi hayo. Weupe wake wote unarudisha mwanga kiasi cha mara 100 tu ya weusi wake wote. Kwa hiyo kila picha ya mlima ni muhtasari, na mpiga picha hana budi kuchagua nini kifupishwe. Njia ya kuugawa mwanga katika ngazi, iliyopangwa na Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer karibu na mwaka 1940, ni njia ya kuchagua kabla ya kufyatua badala ya kujuta baadaye. Kukinga sehemu fulani wakati wa kuchapa, au kuichoma zaidi, si udanganyifu. Udanganyifu huanza pale msitu uliokatwakatwa unapochomwa hadi ukawa weusi mmoja usio na pengo. Mtazamaji huona msitu mnene. Pengo limezikwa na mpiga picha mwenyewe, huenda bila kujua.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba picha ni sanaa, na kwamba Adams huyo huyo alijipatia jina kwa kuifanya anga iwe nyeusi. Ni kweli. Mwaka 1927, huko Yosemite, alipiga jabali la Half Dome kwanza kwa chujio la njano, kisha, akiwa amebakiwa na sahani moja ya kioo, akaweka chujio jekundu, kwa kuwa alitaka picha ionyeshe alivyojisikia mbele ya jabali lile. Picha ya pili ndiyo inayokumbukwa. Hakuna sababu ya kumlaumu. Lakini wanaomwiga husahau mambo mawili. La kwanza, alijua alichokifanya na alikieleza mara nyingi kwa maandishi, chujio na yote. La pili ni zito zaidi. Bonde lile lilionekana tupu, jabali na anga, kwa sababu wenyeji wake wa asili walikuwa wamefukuzwa na wanajeshi mwaka 1851 na waliorudi walibaki wachache pembeni. Mtindo wa mlima usio na mtu ulizaliwa mahali pa namna hiyo. Kuuleta Uluguru, ambako Waluguru wanalima hadi karibu na ukingo wa msitu, na kuzungusha kamera huku na huku mpaka shamba la mwisho litoke nje ya fremu, ni kuandika uongo kwa herufi nzuri.

Historia ya milima hii ina onyo lake kuhusu kutazama kutoka mbali. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mitelemkoni ili kuzuia mmomonyoko. Mtelemko uliokatwa ngazi hupendeza ukiutazama ukiwa bondeni. Mistari yake imenyooka, na katika picha ya weusi na weupe huonekana kama ushindi wa elimu. Aliyeshika jembe aliona jambo jingine: katika kuchimba, udongo mzuri wa juu ulifukiwa na ule wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, na kazi yote hiyo haikumwongezea mavuno. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa, na matuta ya lazima yakaachwa. Lenzi peke yake haiwezi kuutambua udongo uliopinduliwa. Ndiyo maana mhakiki wa picha ya Uluguru hana budi pia kuuliza kama mpiga picha alipanda mlima na kuzungumza na mwenye shamba, au alisimama barabarani tu.

Shule haihitaji fedha nyingi ili kuanza hukumu ya namna hii. Sanduku la mbao au la karatasi ngumu lisilopitisha mwanga, tundu la nusu milimita lililotobolewa kwa sindano katika kipande cha bati jembamba, na umbali wa sentimita 15 kutoka tunduni hadi nyuma: hiyo ni kamera ya picha kubwa. Badala ya filamu inawekwa karatasi ya kuchapia picha ya weusi na weupe, na siku ya jua kali dakika moja au mbili zitatosha. Karatasi hiyo haioni nyekundu. Kwa hiyo mwanafunzi atapata kwa mikono yake mwenyewe picha yenye kasoro za sahani za zamani: anga tupu, milima ya mbali iliyomezwa na utando, na udongo mwekundu uliotoka mweusi. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayomfahamisha zaidi. Shule isiyoweza kupata karatasi hiyo na itumie picha ya rangi iliyopigwa hata kwa simu; programu nyingi za kompyuta huweza kuigawa katika tabaka zake tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila tabaka kutazamwa peke yake kwa weusi na weupe. Darasa litashangaa kuona milima mitatu tofauti katika picha moja.

Kisha ifuate kazi ya nje. Pachaguliwe mahali pamoja ambapo hapatajengwa karibuni, pawekwe jiwe la alama, na kila mwaka, wiki ile ile ya Juni na saa ile ile ya asubuhi, kamera isimamishwe hapo kwa kimo kile kile. Nyuma ya kila picha yaandikwe kwa penseli tarehe, saa, lenzi, filamu, chujio na muda, pamoja na majina ya vijiji na mabonde yanayoonekana, kama wenyeji wanavyoyaita. Picha zipigwe tatu kila mara: ya kwanza bila chujio, ya pili kwa chujio jekundu, ili udongo utengane na majani, na ya tatu kwa chujio la buluu, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa huharibu anga, ili iweze kulazwa mezani kando ya sahani za mwaka 1910.